Maneno ya Siku Ambazo Hazijafika

4 Machi

Dada yangu kipenzi,

Pokea salamu zangu, na zikifika zimechoka zipe kiti, maana nimezibebesha furaha kupita kiasi. Mimi mzima, shemeji yako mzima, mama mkwe mzima ila goti lake linalalamika akipanda ngazi zetu. Mama mdogo anaendeleaje na mguu? Mshike mkono kwa niaba yangu.

Dada, ndoa ni tamu! Wasikutishe watu. Tuna vyumba viwili ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi, na dirisha la sebuleni linatazamana na karakana anakofanya kazi mume wangu. Anatengeneza friji na mashine za kufulia. Saa nne asubuhi akitoka kufuata vipuri, ananyanyua bisibisi juu kunipungia, na wenzake wanampigia miluzi mpaka naona haya na kujificha nyuma ya pazia. Kisha nachungulia tena. Jioni anarudi na grisi viganjani, kwa hiyo ananigusa shavu kwa mgongo wa mkono asije akanichafua. Juzi amenipigilia rafu ya vyombo jikoni. Aliipima mara tatu na bado imeinama upande mmoja, vikombe vyote vinateleza kwenda kushoto kama vinaitwa. Nampenda na rafu yake. Usinicheke.

Kuhusu kadi ya harusi kuchelewa, dada, posta zetu unazijua mwenyewe. Niliumia sana. Picha nitakuletea.

Sasa kuna jambo dogo tu. Jirani yangu mmoja, mama wa mlango wa tatu, anajifunza Kiingereza. Ameniuliza maneno ya kuzungumzia wakati ujao. Mimi ninayajua, bila shaka, ila shule imekaa mbali kidogo, na siku hizi kichwa kimejaa mapazia na foronya. Wewe kazini kwako unakutana na Kiingereza kila siku. Niandikie yote unayoyajua, na lipi linatumika lini. Huyo jirani ana haraka.

Anayekupenda sana,
Chiriku wako


22 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako nimeisomea chumba cha mashuka machafu, ndipo mahali pekee hapa penye utulivu. Mimi sijambo. Mama mdogo uvimbe umepungua, anatembea mpaka kwa jirani na kurudi, na akirudi ana maneno ya wiki nzima. Tumepata msimamizi mpya. Anapitisha kidole juu ya fremu za milango kutafuta vumbi. Kwenye vyumba vyangu hajalipata bado, na linamuuma.

Nimefurahi kwamba mumeo anakupungia bisibisi. Mwambie asiache.

Kadi niliipata. Ina ua la dhahabu pembeni. Nzuri.

Haya, maneno yako. Darasani sikufika mbali, unajua. Kiingereza changu nimekiokota kwenye vikaratasi. Wageni wakitoka asubuhi humwachia mfagiaji kikaratasi mlangoni au juu ya mto, na mimi miaka tisa navitunza kwenye kopo la biskuti. Siku moja nilivipanga kitandani nikagundua kitu: karibu vyote vinazungumza habari za baadaye. Hakuna mgeni anayemwandikia mfagiaji mambo ya jana. Kwa hiyo hapo umemuuliza mwenyewe. Ungeuliza la jana ningekwama.

Anza na "will". Mgeni akiandika "I will leave on Friday", ameamua na anakuarifu. "Going to" ni pale ambapo jambo limeshaanza kuonekana. Aliyeandika "I am going to sleep" ameshafunga pazia na kuvua viatu, usigonge. "Tomorrow" ni kesho, "next week" ni wiki ijayo, hayo hayana ujanja. "Later" maana yake si sasa, hebu niondokee kwanza. "Soon" ni karibuni, lakini usiliwekee maji motoni. Bwana wa chumba cha kumi na moja aliniandikia "back soon", akarudi siku ya sita.

Ninalolipenda mimi ni "by". "By four o'clock", yaani saa kumi ikifika itakuwa tayari, haivuki. Anayekuandikia "by" anakuheshimu, amekupa kitu cha kumshikia.

Samahani kwa karatasi. Ndizo hizi za kuorodheshea nguo za kufuliwa, nyuma ni nyeupe.

Muulize huyo jirani kama ametosheka.

Dada yako


9 Aprili

Dada wa pekee,

Salamu kutoka kwetu sote! Mama mkwe anakusalimu, wifi zangu wote wawili wanakusalimu, hata yule mama muuza rangi wa chini amesema nikikuandikia nimuweke. Nimemuweka.

Dada, nina siri, na nikikuambia usinune. Hakuna jirani. Ni mume wangu. Karakana yao imepewa kazi ya kutengeneza vyombo vya jengo kubwa la wageni, watu wa mataifa mbalimbali, na wote wakipiga simu wanaongea Kiingereza. Wanauliza mambo mawili tu: utakuja lini, na itakuwa tayari lini. Bosi amesema mwisho wa Mei atawafanyia mtihani, na atakayeweza kuwajibu wale watu ndiye atakayesimamia kazi yote. Sasa mume wangu si anajua nina cheti cha kidato cha nne? Tulipokutana nilimwambia Kiingereza kwangu ni maji. Ilikuwa siku ya pili tu, dada, na alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hata wewe ungesema lolote. Wewe unajua vipindi vya Kiingereza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa naandika jina langu la baadaye nyuma ya daftari, bila kumjua bado mwenye jina.

Barua yako ilipofika nilijifungia chooni nikaikariri yote. Jioni nikamfundisha. Ungeona uso wake! Aliniambia, "Mke wangu, walimu wangu wote walikuwa wanatwanga maji. Wewe umenifungua masikio." Nikaona fahari, kisha nikaona kitu kingine ambacho sikukipenda, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Kesho yake alienda kunisifu karakana nzima. Jumamosi wakaja watatu! Wamekaa kwenye kochi letu magoti yanagusana, madaftari mapya, kalamu nyuma ya masikio. Wananiita Madamu. Kuna mmoja mnene wanamwita Keshokutwa, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja. Nilipofika kwenye "by" akanyoosha mkono.

"Madamu, hilo neno silitaki."

"Kwa nini?"

"Linafunga mtu. Nikimwambia mteja 'by Thursday', Alhamisi nitajificha wapi?"

"Utajificha ndani ya friji lake," mume wangu akamjibu, "kwa kuwa litakuwa halijapona, halitakuwa na baridi." Tulicheka mpaka mama muuza rangi akagonga dari yake kwa ufagio.

Niliwaambia mfano wa yule bwana wa "back soon". Nilisema ni mgeni aliyewahi kunifikia mimi.

Dada, nahitaji zaidi. Unamwambiaje mtu kwamba hutakuja? Unamwombaje asubiri? Niletee haraka, tafadhali. Na ombi dogo sana: ukiandika, tumia karatasi za kawaida. Zile za nguo zina jina la nyumba ya wageni juu, na bahasha pia. Watu wa huku wana maswali mengi, basi tu.

Nakukumbatia mara mia,
Chiriku


29 Aprili

Dada yangu,

Hamjambo huko? Mama mdogo? Sisi wazima. Hujanijibu. Labda barua yangu imekwama njiani, labda yako.

Jumamosi mbili sina cha kufundisha. Ya kwanza niliwarudisha kwenye yale yale, wakayaimba kama watoto wa chekechea, na Keshokutwa akauliza, "Madamu, haya tumeyamaliza, sasa Mwingereza akikasirika tunamjibuje?" Nikasema tutafika huko. Ya pili nikasema naumwa kichwa. Mume wangu akawarudisha mlangoni kwa kunong'ona, akafunga mapazia, akanichemshia maji, akakaa pembeni ya kitanda akinikanda miguu. Mtu anaumwa kichwa, yeye anakanda miguu! Nilitaka kucheka na nilitaka kitanda kinimeze. Akaniambia, "Ni mimi nimekuchosha na hawa watu. Nisamehe."

Dada, ameniomba msamaha yeye.

Niandikie hata mistari mitano.

Chiriku


8 Mei

Mdogo wangu,

Mama mdogo mzima. Mimi mzima. Msimamizi bado anatafuta vumbi.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta karatasi isiyo na jina. Ninaofanya nao kazi wote wanaandikia hizi za nguo. Mwishowe nimenunua daftari. Bahasha nayo haina jina, nimeigeuza ndani nje na kuigundisha upya.

Kumwambia mtu hutakuja: "I will not come today." Lisikie lilivyo fupi. Usiliongezee sababu nyingi, sababu nyingi zinamfanya mtu ajue. Kisha mpe siku nyingine hapo hapo, "I will come on Monday." Kumwomba asubiri: "Please wait", na useme mpaka lini, "until two o'clock", mpaka saa nane. Bila "until" unamwacha mtu amesimama. Akikasirika, usijitetee. Mwambie "I am sorry", halafu umpe saa. Mgeni aliyekasirika hataki maelezo, anataka saa.

Hayo ndiyo yaliyobaki kwenye kopo.

Sasa na mimi niseme langu. Kadi yako imeandikwa harusi ni Jumamosi tarehe kumi Februari. Muhuri wa posta ya kwenu ni wa Jumanne tarehe kumi na tatu. Muhuri huo si wa huku, ni wa kwenu. Tarehe niliijua mapema, mama mdogo alikuwa ameniambia. Nilikuwa nimeomba siku tatu kazini, nikapewa. Nilikuwa nimeshonesha gauni. Siku zote tatu nilikaa kitandani na begi limefungwa, maana sikutaka kwenda bila kuitwa. Niliporudi zamu wenzangu waliniuliza harusi ilikuwaje. Niliwaambia ilipendeza.

Sikukuuliza mwezi wa tatu, na sasa pia sikuulizi sababu. Umeshanijibu ulipotaka karatasi za kawaida. Ila neno la posta usiniandikie tena.

Mumeo anajua kazi yangu?

Dada yako


2 Juni

Dada,

Sijui niandike salamu gani. Wote wazima. Nimechana karatasi nne kabla ya hii.

Hapana, alikuwa hajui.

Siku ya kujitambulisha mama mkwe aliniuliza mbele ya wifi zangu, mmoja karani wa benki, mwingine muuguzi, "Na huyo dada yako aliyekulea anafanya kazi gani?" Nikasema ni meneja wa hoteli. Sikupanga. Lilitoka likiwa limeshavaa na viatu. Wote wakasema, "Ohoo!" na mama mkwe akasogeza kiti chake karibu na changu. Nikalipenda lile "ohoo", dada. Huo ndio ukweli.

Kadi yako niliiandika ya kwanza kabisa, kwa mwandiko wangu mzuri. Kisha nikawaza: akija watamuuliza kuhusu hoteli yake, naye hawezi kudanganya hata kwa kukohoa. Nikaiweka kwenye droo chini ya gauni langu. Kila siku nilisema kesho nitaipeleka. Nilipotoa gauni asubuhi ya harusi niliiona pale, jina lako juu. Nikaifunika na kitambaa. Nikaenda kuolewa.

Niliipeleka Jumanne. Wageni walipouliza nilisema umebanwa na mikutano.

Barua yako ya mwisho ilifika Jumamosi tarehe kumi na nane Mei, darasa limeshakaa. Mama mkwe ndiye aliyeileta, kapanda ngazi zote na goti lake. "Barua ya dada yetu meneja!" Mume wangu akapiga makofi. "Tusomee, tumsikie shemeji." Nikafungua mbele yao. Nikasoma mistari ya kwanza kimoyomoyo, nikaona na yaliyofuata. Nikawasomea ya "will not", ya "please wait", ya kutoa saa. Keshokutwa akasema, "Huyu mama ana akili! Huyu amefundisha wapi?" Mimi nikakunja karatasi. Mama mkwe akauliza, "Na kuhusu sisi amesemaje?"

"Anawasalimu," nikasema.

"Baada ya hayo maneno yote, salamu tu?"

"Ana kazi nyingi."

Dada, nilisikia sauti yangu, laini, tamu, sauti ya bibi harusi, na nikaichukia.

Nilikaa na barua siku nne. Siku ya tano mume wangu alirudi mapema, nikampa asome. Nikampa na ile ya Machi, yenye jina la nyumba ya wageni nyuma. Nilisimama karibu na mlango wa jikoni. Alisoma polepole, akarudia. Nilidhani atauliza kuhusu Kiingereza. Nilikuwa nimeshaandaa maneno kuhusu Kiingereza.

Akasema, "Kumbe alikuwa amefunga begi."

Basi. Akazikunja barua zote mbili, kisha akasema, "Kiingereza ningefundishwa na mtu yeyote. Lakini mimi niliwaambia watu shemeji yangu ana maringo. Nilisema mbele ya mama, tukacheka. Umeniacha nikamcheka mtu aliyekaa kitandani anasubiri."

Nikaanza kulia. Hakunigusa shavu. Aliondoka na sanduku lake la vifaa na Jumamosi hiyo darasa hakuliongoza mtu. Kwa siku kumi sasa tunaongea kama wapangaji. Umeme umelipiwa? Umelipiwa. Chai iko wapi? Mezani. Saa nne asubuhi bado nakaa dirishani. Anapita na vipuri, mikono yote miwili imejaa.

Mtihani ulikuwa juzi Ijumaa. Amepita, dada. Amekuwa wa kwanza. Keshokutwa pia amepita, amejinadi kwa neno lile lile alilolikataa. Bosi alimuuliza mume wangu amefundishwa na nani. Amejibu, mbele ya wote, "Na shemeji yangu. Anafagia vyumba kwenye nyumba ya wageni. Sijamwona bado." Hayo sikuyasikia kwake. Keshokutwa ndiye aliyenihadithia hapo chini, kwa heshima kubwa, halafu akanitazama, akasema, "Madamu," akaenda zake. Sasa wote wanajua. Nikishuka ngazi mama muuza rangi anapanga makopo yaliyokwisha pangika.

Jana nilienda mwenyewe kwa mama mkwe nikamwambia. Wifi zangu wote walikuwepo, nilichagua wakiwepo. Sikuzunguka. Nilisema nilidanganya, dada yangu si meneja, na kadi niliificha mimi. Yule muuguzi akasema, "Mimi mwenyewe hufuta sakafu za wodi kila siku, ulidhani nitamcheka kwa lipi?" Mama mkwe hakunisogezea kiti. Alisema tu, "Amekulea nani wewe?" Nikasema, "Yeye." Akasema, "Basi umelelewa vizuri, umeharibika mwenyewe."

Sikuandikii ili unihurumie. Naomba uje. Nyumba ni ndogo lakini kitanda chetu utalala wewe. Njoo siku yoyote utakayochagua, nitakuja kukupokea kituoni na nitawaambia watu wote wewe ni nani.

Najua sistahili. Nimeandika hivyo hivyo.

Mdogo wako


15 Juni

Chiriku,

Sijambo, na mama mdogo hajambo. Nimemsomea barua yako yote kwa sababu macho yake hayaoni maandishi. Amesema nikujibu siku hiyo hiyo. Nimekaa nayo wiki nzima.

Mpe mumeo hongera. Mwambie kunitaja hivyo mbele ya bosi wake kumenikalisha chini.

Sitakuja kwenu. Si kwa hasira, hasira ninayo lakini si hiyo inayonizuia. Nikija nitakuwa mgeni, nitavaa lile gauni, watanipa kiti kizuri, watanionea huruma na wewe utalia mbele ya watu. Sitaki. Unataka kuwaambia watu mimi ni nani, na wewe mwenyewe hujawahi kuniona nikifanya kazi hata siku moja.

Njoo wewe. Njoo na mumeo Jumamosi tarehe ishirini na tisa. Basi la asubuhi linafika saa saba. Siku hiyo nina vyumba kumi na vinne na sitaomba ruhusa. Nimeshamwambia msimamizi kwamba ndugu zangu wanakuja, akasema hataki watu kwenye korido. Kwa hiyo mzunguke nyuma, kuna mlango wa bluu karibu na mapipa ya taka, na benchi. Hapo ndipo ndugu za wafagiaji wote hukaa. Atakayekuuliza unamsubiri nani, mjibu.

Nitatoka saa kumi, na aproni yangu, sitaivua kwanza.

Dada yako